Siku moja ya fundi wa boila, Nakuru mpaka Molo

Nikisema mimi ni fundi wa boila, ile mashine inachoma mafuta ipashe maji, watu wengi husikia plamba, wengine fundi wa stima, na kuna jirani anaamini nauza mafuta taa juu jioni narudi nikinuka hayo. Wacha niwapitishe jana yangu.

Saa kumi na moja asubuhi niko macho, nakagua begi. Nozo mpya, alenki, geji ya presha, matambara, tochi, kipima moshi. Saa moja niko hoteli fulani hapa town, boila ya dizeli, savisi ya kawaida: badilisha nozo, safisha elektrodi za kutoa cheche, toa masizi, washa, pima, toka. Saa tatu nimemaliza, hata chai nimepewa.

Hapo ndo simu za Molo zikaanza. Kuna mzee mmoja amestaafu, alifanya kazi Uingereza miaka mingi, aliporudi akajenga na akaleta boila kwa kontena, zile za nyumbani za mafuta taa ambazo moja tu inakupa maji moto ya bafu na pia inapasha rejeta za ukutani, zile za kutia nyumba joto. Watu wa Nakuru huuliza rejeta za nini Kenya hii. Nenda ulale Molo mwezi wa saba ndo urudi tuongee. Mzee alipiga nikiwa stage, akapiga nikiwa Salgaa tumekwama nyuma ya malori, akapiga tena Sachang'wan, kila mara swali ni moja, fundi umefika wapi.

Saa sita nafika. Hata sijaweka begi chini.

"Hii kitu imeharibika kompyuta yake, kijana wangu amesema uagize ingine."

"Pole mzee. Inafanya nini?"

"Taa nyekundu. Nabonyeza riseti inanguruma kidogo, inazima."

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Si tangu asubuhi nabonyeza!"

Sasa hapa nataka kila mwenye boila anisikie. Ukiwasha, feni inapuliza kwanza kusafisha chumba cha moto, cheche zinaanza, halafu mafuta yanarushwa na nozo yakiwa kama ukungu. Kuna jicho dogo linaangalia kama moto umeshika. Lisipoona moto kwa sekunde chache mashine inajifunga yenyewe na taa nyekundu inawaka, na hiyo ni mashine inakulinda. Kila ukibonyeza riseti mafuta mengine yanaingia bila kuungua yanakaa pale ndani, na siku yakishika yote pamoja utasikia kishindo na nyumba itajaa moshi. Bonyeza mara moja, ikikataa ngoja dakika kadhaa ujaribu ya pili, ikikataa tena funga mafuta uite fundi. Nilipofungua bana ya mzee, ile sehemu ya kuchoma mafuta, chumba cha moto kilikuwa kimelowa, nimefuta na matambara mpaka yakaisha nikaomba gazeti.

Na hiyo yote nafanya simu ikiwa usoni, WhatsApp ya video, kijana yuko Uingereza anataka nielekeze kamera huku, fundi fungua kile kisanduku cha kompyuta, fundi huku kwetu hubadilisha hiyo kwanza. Namjibu kwa heshima, lakini mimi huanza na mafuta kila siku, kutoka tangi mpaka nozo, kabla sijamuuzia mtu spea ya maelfu ambayo hahitaji. Mzee naye nyuma yangu, "Lakini fundi si amesema kisanduku?" Saa nane imepita hivyo.

Nikawaambia ngojeni. Nikafunga valvu ya tangi, nikafungua kikombe cha filta, kile cha kioo, nikakiinua kwa dirisha. Mstari umesimama katikati safi kabisa, juu mafuta taa, chini maji na kutu kidogo. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanalala chini ya tangi, na bomba linatoka chini. Boila ilikuwa inakunywa maji!

Yametoka wapi? Tangu 2018 serikali iweke ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli, mwenye boila anahesabu kila lita. Mzee huvizia bei ya EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, kila tarehe 14, ikishuka ananunua mengi anaweka kwa mapipa nyuma ya jikoni, na kifuniko cha pipa moja hakikazi. Mvua imeingia taratibu. Akanyamaza, kijana naye akasema basi nitapiga baadaye.

Kazi yenyewe sasa. Kutoa maji chini ya tangi mpaka mafuta yaje peke yake, filta mpya, nozo mpya, kulegeza skrubu ya pampu hewa itoke mpaka povu liishe. Ikawaka, lakini moshi mweusi, kwa sababu ilikuwa bado na seti ya kiwandani. Molo ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hewa imepungua karibu robo, kwa hivyo lazima ufungue mlango wa hewa wa bana zaidi. Nafungua kidogo, napima moshi, karatasi ya kipimo inatoka nyeusi, nafungua tena, kijivu, tena, mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Magoti yameisha, sijala, na hapo hakuna njia ya mkato kwa sababu moshi huo ni watu wanalala nao. Presha ya maji nayo ilikuwa chini ya bar 1, nikajaza hadi 1.2 ikiwa baridi. Mzee alitaka 3 ati ipate nguvu, nikamwonyesha valvu ya usalama inayofunguka kwa hiyo 3.

Malipo tulikuwa tumekubaliana kwa simu, bado akauliza mbona pesa yote hiyo kwa kutoa maji tu. Nusu imeingia M-Pesa, nusu mwisho wa mwezi. Msichana wa nyumba ndo alinifurahisha, alisimama na mimi nikamfunza kuangalia kile kikombe kila wiki, na kutojaza tangi mvua ikinyesha. Alishika haraka kuliko wote wawili.

Matatu ya mwisho, Salgaa tena, nyumbani sijui ilikuwa saa ngapi. Kesho niko Njoro, boila ya shule inavuja kwenye flanji, pale mabomba yanaungana, na wanasema ni kukaza boliti tu.