Darubini ya kuonea matundu ya shabaha: uzoefu wangu wa kuchagua

Kwenye uwanja wa shabaha siangalii chapa kwanza, naangalia tundu: lina upana gani, na liko umbali gani? Gawanya umbali kwa ukuzaji. Shabaha ya mita 100 ukiitazama kwa darubini ya macho mawili ya 10x42 (ukuzaji wa mara 10, lenzi ya mbele ya milimita 42) ni kama kuitazama kwa macho matupu kutoka mita 10. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa hubandika ukutani shabaha iliyokwisha pigwa, nikapima mita hizo 10 na kutazama kwa macho matupu. Tundu la risasi ya .22, takriban milimita 5.6, huonekana kwenye karatasi nyeupe. Likiingia kwenye duara jeusi, hupotea. Kwa mita 50, darubini hiyohiyo yatosha.

Lakini hesabu hiyo inataka mkono uliotulia. Kwa kushika tu, ukuzaji wa mara 10 ndio mwisho wangu. Ukizidi hapo, hata pumzi huitikisa picha. Hapo ndipo zinapofaa darubini zenye kidhibiti cha mtikisiko. Canon 18x50 IS, kwa mfano, ina prizimu (vipande vya kupindisha mwanga) zenye kimiminika zinazobadili pembe ili kufuta mtikisiko. Hutumia betri mbili za AA na uzito wake unakaribia kilo 1.2, kwa hiyo shingo italalamika. Lenga kwanza, tulia, ndipo ubonyeze kitufe. Ukihamia shabaha ya jirani, kiachie, la sivyo picha itakuja kwa kuchelewa kana kwamba inavutwa na kamba.

Kwa anayesimama nyuma ya mpigaji akimtajia matokeo, kifaa hicho kina thamani yake. Kwa mpigaji aliyelala chini, naona ni gharama ya bure: 15x56 ya kawaida juu ya stendi ya miguu mitatu hutulia bila betri, tena hupitisha mwanga zaidi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaolifikia jicho: 56 kwa 15 ni milimita 3.7, ilhali 50 kwa 18 ni 2.8 tu. Mchana hutaona tofauti kubwa, jioni utaiona.

Anayevaa miwani ya kinga atafute darubini inayoonesha picha nzima jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi ya nyuma, na avikunje vikombe vya macho (kingo zinazoizunguka lenzi hiyo).

Kitu kimoja kidhibiti hakikiwezi: mazigazi. Jua likichoma ardhi, hewa hucheza, na ukuzaji mkubwa huikuza hata hiyo michezo. Piga asubuhi, au yatumie mazigazi kusoma upepo: weka fokasi karibu kidogo kuliko shabaha, mawimbi yatalala kuelekea unakokwenda upepo. Yakipanda wima, ama hakuna upepo, ama unavuma sambamba na njia ya risasi.