Siku moja kwenye majadiliano ya mkataba wa nguo kati ya Kenya na Marekani, Mombasa

Saa 11 alfajiri. Washington bado ni saa 4 ya usiku wa jana, na rasimu yao imeshaingia. Ushuru nauacha kwanza, naenda moja kwa moja kwenye kifungu cha asili ya bidhaa. Nguo itambuliwe kuwa ya hapa "kuanzia uzi" au hata kwa "kitambaa cha nje"? Kuanzia uzi maana yake kusokota, kufuma na kushona vyote vifanyike katika nchi zilizotajwa. Kwa kitambaa cha nje, jora la China au India linakatwa na kushonwa hapa, na nguo inahesabika ya Kenya. Viwanda vya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, vinaishi kwa jora la nje. Ndiyo maana kipengele cha kitambaa cha nchi ya tatu ndani ya AGOA, sheria ya Marekani ya Mei 2000 inayoingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kina uzito kuliko kurasa nyingine zote.

Saa 2 asubuhi, Changamwe. Malori yamejipanga hadi barabarani. Kiwandani karani ana ankara halisi mezani, upande wa mbele unasubiri muhuri wa AGOA wa wino wa bluu: tarakimu 1 ya kundi la nguo, herufi KE za Kenya, kisha tarakimu 6 za namba ya mfululizo. Kundi la 5 ndilo la kitambaa cha nje. Suruali zilizofungwa ni 14,406, yaani dazeni 1,200 na nusu. Nusu haikubaliki, idadi lazima iwe kamili. Ondoeni sita kabla muhuri haujagongwa, maana ukishafutwa-futwa haufai tena, na jinzi ya dola 8 italipiwa ushuru wa 16.6%, karibu dola 1.33 kwa kila moja. Faida ya mshonaji haifiki hapo.

Saa 5. Hesabu. Kikomo cha mgao, yaani kiasi cha nguo kinachoruhusiwa kuingia Marekani bila ushuru, hupimwa kwa mita za mraba: dazeni ya suruali za pamba ni 14.9, ya fulana za pamba ni 6. Dazeni 1,200 za suruali zinakula mita 17,880.

Saa 7 swala na chakula.

Saa 8 mchana, kikao na wenye viwanda. Wengine wanavutiwa na mgao wa Kenya peke yake, kwa kuwa unaonekana wa uhakika. Mimi naupinga. Mwaka 1994 Marekani iliiwekea Kenya kikomo kwenye mashati na foronya, na viwanda vikaumia vibaya. Migao ya dunia ilikoma 1 Januari 2005. Tusiirudishe kwa mkono wetu. Ikilazimika, tudai mambo matatu: mwaka wa mgao usianze katikati ya msimu wa oda, kilichobaki kibebwe mwaka unaofuata, na sehemu ya mgao wa suruali iweze kuhamia fulana.

Saa 10 jioni, kwao saa 3 asubuhi. Simu ya video, saa mbili kamili. Wanataka uzi, tunataja mkataba wetu na Umoja wa Ulaya, unaotumika tangu 1 Julai 2024, unaokubali kitambaa cha nje. Wanasogea kidogo: kitambaa cha nje, lakini kwa miaka mitatu, kisha uzi. Haitoshi. Mtambo wa kusokota haujengwi na kulipa deni lake kwa miaka mitatu.

Saa 2 usiku narudisha rasimu. "Kitambaa cha nje" kimebaki ndani ya mabano ya mraba, alama kwamba bado hatujakubaliana, na mbele yake nimeandika miaka kumi.