Jinsi nilivyozungumza tena na mama kwa wimbo wa Kaa Nami

Mama yangu alikuwa mwanakwaya wa kanisa la Kilutheri (KKKT) hapa Moshi tangu kabla sijazaliwa, sauti ya alto, ile ya chini ya wanawake. Kiharusi kilipompata kilichukua nguvu za mkono wa kulia, na kikachukua maneno. Alikuwa anatuelewa vizuri, ila akifungua kinywa kusema hakuna neno linalotoka. Tukawa tunabahatisha: "Mama, uji? Mama, maji?" Naye anageukia ukutani, machozi yanamtoka.

Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, waliimba Kaa Nami. Mwishoni mwa ubeti wa kwanza nikasikia alto niliyoijua tangu utotoni. Mama anaimba "kaa nami", maneno yamenyooka kabisa! Mama mmoja wa jumuiya akashindwa kuendelea kuimba.

Mtaalamu wa mazoezi alinifafanulia. Kwa watu wengi kuongea kunategemea upande wa kushoto wa ubongo, uleule unaoongoza mkono wa kulia, lakini kuimba kunaegemea sana upande wa kulia. Ndiyo maana mgonjwa aliyepoteza usemi huweza bado kuimba. Wataalamu wa Marekani walitangaza mwaka 1973 njia ya kuwafundisha wagonjwa kama hao kuongea kwa kuimba maneno.

Basi kila jioni nikawa nakaa kushotoni kwake, naushika mkono wake wa kushoto, naugonga taratibu kwa mapigo ya wimbo. Naimba, nikikaribia mwisho wa ubeti nanyamaza. Anamalizia yeye. Tulijaribu na nyimbo nyingine, lakini huu ulimfaa kuliko zote: unakwenda polepole, na kila ubeti unaishia kwa maneno yaleyale, hivyo hata akipotea katikati anajua tutakutana wapi. Baadaye akawa anaingia mstari mmoja kabla, kisha ubeti mzima. Hapo nikaanza kuazima ile tuni kwa mahitaji ya nyumbani, naimba "nataka maji", naye anaitikia. Majina ya wajukuu bado yanamchanganya.

Aliyeutunga wimbo huu ni Henry Francis Lyte, mchungaji wa Kianglikana wa Brixham, mji wa wavuvi kusini magharibi mwa Uingereza. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafariki Nice, mji ambao leo uko Ufaransa, Novemba 1847. Tuni tunayoiimba ni ya William Henry Monk, ya mwaka 1861. Maneno yanatoka Luka 24, wale wanafunzi wawili wa Yesu wa njia ya Emau wakimsihi Bwana: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa." Nilipoijua habari ya Lyte niliuelewa zaidi wimbo huu. Mgonjwa yule aliomba asiachwe peke yake, na hilo ndilo mama alilokuwa akiliogopa kuliko kupooza mkono wake. Usiku akishtuka huita "kaa nami". Sijui kila mara kama anamwita Bwana au ananiita mimi, lakini naamka, nakaa naye mpaka alale.

Wewe mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, nakuomba usichague wimbo unaoupenda wewe. Tafuta ule alioupenda mwenyewe akiwa mzima, wa kanisani, wa kaswida au wa harusini, mwimbie umsikie. Akiitikia hata neno moja, mweleze mtaalamu siku ya kliniki, akuoneshe namna ya kuendelea nalo.