Emery Roth na minara yake miwili

Msanifu majengo Emery Roth alizaliwa mwaka 1871 katika Milki ya Austria na Hungaria, akahamia Marekani akiwa na umri wa miaka 13, na ufundi wa kubuni majengo aliujifunzia kazini, akiwa mchoraji wa ramani za majengo aliyeshiriki katika maandalizi ya Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Linalonigusa zaidi ni jengo lake la makazi la San Remo, New York, la mwaka 1930, ambalo badala ya kulirundika kuwa bonge moja aliligawa juu kuwa minara miwili, ili vyumba vipate mwanga na hewa pande zote. Kileleni akaweka vijumba vya duara vyenye nguzo, vinavyofuata mnara wa ukumbusho wa kale wa Lysicrates, Athens. Alifariki mwaka 1948.