Kontroli na uhandisi wa mifumo pale Annapolis, vile nilivyoipita

Vijana wa nyumbani, hasa wa Likoni na Mtongwe kule Mombasa wenye hamu ya kuingia jeshi la maji, huniuliza sana kwamba kule Chuo cha Wanamaji cha Marekani watu husoma nini haswa, manake wengi wanajua ni kwata na bunduki toka alfajiri mpaka usiku. Kwata ipo na inatosha, lakini kile chuo cha Annapolis kipo tangu 1845 na ni chuo kikuu kamili, hata yule anayesoma historia anatoka na digrii ya sayansi kwa sababu kalkulasi, kemia, fizikia na umeme hakuna anayezikwepa. Mimi nilichukua roboti na kontroli, yaani mambo ya mashine kujiongoza na kujirekebisha yenyewe, na nataka nieleze vile niliipita hiyo kontroli kwa sababu lilikuwa somo la kutoa watu jasho, na kwangu likaja likawa somo ninalolipenda kuliko yote.

Habari ya kuingia sitawakalisha sana. Kadeti wa kigeni pale hawazidi 60 kwa wakati mmoja, na chuo kizima kina kadeti kama 4,400, kwa hivyo nafasi ni chache mno. Mwaliko unapitia ubalozi wa Marekani, nchi yako ndio inakuteua, kuna mtihani wa hesabu na Kiingereza, kuna daktari, kuna mazoezi ya mwili, na ukimaliza miaka minne unarudi kutumikia jeshi la kwenu. Kama uko kidato cha tatu na unasoma hapa, kaza hesabu na fizikia sasa hivi, mambo mengine utafunzwa huko huko.

Kinachosumbua pale ni muda. Kadeti wote wanaishi jengo moja, Bancroft Hall, mchana mnapanga foleni ya gwaride ndio mwende kula na mnakula wote kwa pamoja, jioni michezo ni lazima kwa kila mtu, halafu ndio usiku unafungua daftari macho yashachoka. Mwanafunzi wa chuo cha kiraia akikwama kwenye swali anaweza kukesha nalo halafu alale mpaka saa nne, wewe asubuhi unatakiwa kwenye mstari umenyoosha nguo. Kwa hivyo kukesha pale sio mbinu, ukikesha leo kesho unasinzia darasani na kontroli haina huruma, ukikosa kipindi kimoja kile kinachofuata ni giza.

Sasa kontroli yenyewe. Wazo lake ukilisikia mara ya kwanza ni rahisi: una kitu unataka kifanye jambo fulani, unapima kinachofanya, unaangalia tofauti, ile tofauti ndio unaitumia kuamua ukisukume kiasi gani, unapima tena, unazunguka hivyo hivyo bila kuchoka. Hiyo ndio fidibaki. Lakini ukiingia darasani tu unakutana na Laplace, mbinu ya kugeuza milinganyo ya mabadiliko kuwa aljebra ya kawaida yenye herufi s, unaambiwa utafute poli ziko wapi, yaani zile thamani za s zinazofanya sehemu ya chini ya mlinganyo iwe sifuri, zikiwa upande wa kushoto wa grafu mfumo unatulia, zikivuka kulia mfumo unaharibika, unachora njia za poli kwa ile mbinu ya Evans ya 1948, unachora grafu za Bode zinazoonyesha mfumo unavyoitikia mtikisiko wa polepole na wa haraka, na yote hayo unaweza kuyafanya sawasawa ukapata maksi zako bila kujua hata kidogo ni kitu gani hapa duniani umekihesabu. Hapo ndio wengi wanakaa mpaka wanamaliza. Mimi hiyo hali ilinikera sana, nikajiambia sitaandika mlinganyo hata mmoja bila kujua ni kipande gani cha mashine unakisema.

Aliyenifungua macho ni mhandisi mmoja mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, alihamia Marekani na 1922 akachapisha nadharia ya meli kujiongoza mwelekeo wake yenyewe. Minorsky aliwaangalia washika usukani wanavyofanya kazi, akaona mtu mzoefu haangalii tu kwamba meli imepotoka kiasi gani sasa hivi. Anaangalia pia imekuwa ikipotoka kwa muda gani, na inapotoka kwa kasi gani. Mambo matatu: sasa, iliyopita, na inayokuja. Hayo matatu ndio PID, P ni kosa la sasa, I ni jumla ya makosa yaliyopita, D ni kasi ya kosa, na ndio kontrola, yaani kile kinachoamua msukumo, ambayo leo iko kwenye droni, kwenye matanuri ya viwandani, kila mahali.

Niliposoma hivyo feri ya Likoni ikanijia yenyewe. Aliyekulia ng'ambo anajua vizuri kwamba maji yakipwa kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua, nahodha haielekezi feri moja kwa moja kwenye gati, anailaza kidogo upande mkondo unakotoka na inavuka ubavu ubavu mpaka inafika pale pale inapotakiwa. Sasa fikiria kontrola inayoangalia kosa la sasa tu. Ili isukume kupinga mkondo lazima kuwe na kosa, kosa likiisha na msukumo unaisha, mkondo unaivuta tena, kwa hivyo itabaki siku zote chini kidogo ya mstari wake na haitafika juu. Ndio maana unahitaji ile kumbukumbu inayojumlisha makosa yaliyopita, inajaa taratibu mpaka inafika kiasi kinacholingana na mkondo, na hapo kosa linakuwa sifuri na msukumo bado upo. Na ile ya tatu, ya kasi, ndio nahodha anayeona pua inageuka haraka na anaanza kurudisha kabla haijafika, asipofanya hivyo itapitiliza, atairudisha, itapitiliza upande wa pili, chombo kinaenda mrama. Mambo haya nilikuwa nimeyaona toka utotoni nikiwa nimesimama kwenye feri na wala sikujua kwamba yana hesabu.

Minorsky hakubaki kwenye karatasi. 1923 walijaribu mtambo wake kwenye manowari USS New Mexico, bila ile sehemu ya kasi meli ikawa inayumba digrii 2 huku na huku, walipoiongeza ikashuka mpaka sehemu moja ya sita ya digrii, washika usukani wengi hawafiki hapo. Na bado jeshi la maji halikuuchukua ule mtambo kwa sababu mabaharia wenyewe hawakuutaka. Hilo likae kichwani, nitalirudia.

Kitu kingine kilichonisaidia ni mota. Maabara unapewa mota ndogo ya DC yenye enkoda ya kupima shafti imezunguka kiasi gani na kigurudumu kizito cha chuma mbele yake, kazi yako ni kuiambia izunguke mpaka pembe fulani isimame. Mlinganyo wake, kutoka volti mpaka pembe, ni K juu ya s mara (Ts + 1), yaani K / [s(Ts + 1)], K ni ukubwa wa jibu na T ni muda inaochukua kuitikia. Sawa. Halafu tukaja kwenye meli, tukaonyeshwa kazi ya Mjapani Kensaku Nomoto ya 1957, kutoka pembe ya usukani mpaka mwelekeo wa meli, na mlinganyo ni K juu ya s mara (Ts + 1). Ule ule! Nilizilaza zile karatasi mbili mezani nikaziangalia sana. Tofauti ni namba tu, T ya mota ni sehemu ndogo ya sekunde na T ya meli kubwa inaweza kuwa makumi ya sekunde, lakini tabia ni moja, kwa hivyo kile nilichokuwa nakifanya na kimota kinachotosha kiganjani nilikuwa nafundishwa kuongoza meli. Toka siku hiyo sikuona tena s kama herufi.

Ile mota pia inakufunza mambo ambayo karatasi haikuambii. Ukiipa volti kidogo sana haitingishiki kabisa, msuguano umeishika, kwa hivyo kwa P peke yake inasimama kabla ya kufika. Ukiongeza I inafika lakini inapitiliza na kurudi. Ukiongeza D kupunguza hiyo, ile kelele ndogo ya enkoda inakuzwa, mota inalia na kupata moto, inabidi uweke filta, na filta nayo inachelewesha, na kucheleweshwa kunakula utulivu wako. Kila kitu kina bei yake na kazi ya mhandisi ni kujua analipa nini. Nilikuwa nabadilisha namba moja tu kwa wakati, nachora mkono kile ninachotarajia kuona kabla sijabonyeza, halafu ndio naangalia grafu. Hiyo tabia ya kutabiri kwanza ndiyo iliyonipitisha mitihani, kuliko kukariri.

Nyingine ni kuchora mchoro wa visanduku na mishale kwa kila swali na kila mshale nauandikia kipimo chake, hii ni volti, hii ni radiani, hii ni radiani kwa sekunde. Vipimo visipokubaliana unajua umekosea hapo hapo badala ya kurasa mbili baadaye. Na walimu. Pale walimu ni mchanganyiko wa raia na maofisa, madarasa ni madogo, mwalimu anakujua jina, na ukienda ofisini kwake umebeba jaribio lako lililokwama anakaa na wewe. Sisi wengi tuliotoka shule za nyumbani tunaona haya kwenda kwa mwalimu, tunaona kama ni kujitangaza hujui. Nawaambia wadogo zangu, nendeni, na muende mapema kabla mambo hayajalundikana. Usiku nilikuwa pia namrekodia ndugu yangu wa Mombasa sauti kwenye simu, namweleza kwa Kiswahili kile tulichosoma, yeye ni fundi wa jokofu, akiniuliza swali nikashindwa kujibu najua pale ndipo pa kurudi.

Uhandisi wa mifumo ni upande wa pili na watu wanaudharau kwa sababu hauna hesabu za kutisha, mimi naona ndio mgumu zaidi. Huku unauliza mfumo mzima, pamoja na watu, unafanya kazi iliyokusudiwa au la. Mfano unaouma ni wa USS John S. McCain, tarehe 21 Agosti 2017, karibu na Singapore, iligongana na meli ya mafuta Alnic MC, mabaharia 10 wakafa. Mitambo ya usukani haikuwa imeharibika. Kamanda aliagiza kazi igawanywe, mmoja abaki na usukani mwingine achukue kasi, na katika kuhamisha kwenye skrini za kugusa usukani nao ukahamia kwa yule mwingine bila wao kujua. Aliyebaki akaamini usukani umekufa. Wakapunguza kasi lakini ikapungua upande mmoja tu, mashine ya pili ikaendelea kusukuma, meli ikazidi kugeukia kushoto mbele ya ile nyingine. Uchunguzi ukagusa mafunzo na ukagusa zile skrini, na 2019 jeshi la maji likatangaza kurudisha mikono ya kasi ya kushikika kwenye manowari za aina ile. Sasa rudi kwa Minorsky, mabaharia wa 1923 waliukataa mtambo mzuri, wa 2017 walipewa mtambo ambao hauwaambii waziwazi nani ameshika nini. Mtu yumo ndani ya ule mzunguko wa fidibaki, umchore kwenye mchoro wako usimchore, yumo.

Mwaka wa mwisho kikundi chetu tulitengeneza boti ndogo ya kujiendesha, inapewa pointi inakwenda yenyewe kwenye maji ya mto Severn. Kabla ya kushika bisibisi tuliandika mahitaji, na kila hitaji lazima liwe na namba na njia ya kulipima, huwezi kuandika "boti iende vizuri", unaandika isipotoke zaidi ya kiasi fulani kwenye upepo wa kasi fulani na utajua vipi. Tulichokutana nacho hakikuwa kwenye kitabu cha mtu. Mota ikivuta umeme mwingi dira ya elektroniki ilikuwa inageuka, manake waya wa mota ulipita karibu nayo na umeme mwingi unatengeneza sumaku yake, kontrola inaona boti imepotoka, inakata usukani, kumbe boti iko sawa. Dira ikapandishwa juu ya kimlingoti mbali na waya, waya za kwenda na kurudi zikasokotwa pamoja, ikatulia. Na ukiishika boti gatini kontrola ikiwa imewashwa, ile I inaendelea kujumlisha kosa, ukiiachia inakata kona yote mpaka mwisho. Dawa yake ni kuiwekea I kikomo na kuianzisha upya kila unapowasha mwendo. Aliyeshughulika na umeme, wa programu, wa mwili wa boti, wote ilibidi wakae meza moja kwa hilo tatizo la dira, kwa sababu kila mmoja peke yake kipande chake kilikuwa kizima.

Kwa anayetaka kuanza akiwa nyumbani: milinganyo ya mabadiliko (differential equations) na matriki, yaani majedwali ya namba, kwanza. MATLAB, ile programu ya hesabu za uhandisi, ni ghali, lakini GNU Octave na Scilab ni bure na zinatosha kabisa kwa Laplace, Bode na njia za poli. Tafuta Arduino, kile kibao kidogo cha elektroniki unachokiandikia programu, na kimota chenye enkoda, kama hupati enkoda toa mota na sensa kwenye printa iliyokufa, mafundi wa printa wanazo tele, unganisha, andika PID yako mwenyewe bila kunakili, na uanze na P peke yake mpaka uone kwa macho yako inavyoishia njiani.