Siku Kaka Alipopimwa Mishipa

"Mbona babu hatukumkuta?" binti yangu wa mwisho aliniuliza juzi. Nikamwambia moyo ulimsimama akiwa na miaka 46. Akafikiri kidogo. "Na baba mkubwa ana mingapi?"

Tangu hapo siachi kuikumbuka siku niliyomsindikiza kaka kupimwa ugumu wa ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo.

Kwenda alikwenda kwa kubembelezwa. Presha yake ilikuwa nzuri, sigara hajawahi kuvuta. Ila daktari alishatueleza kwamba baba au kaka akiugua moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, waliobaki wako hatarini zaidi hata wakijiona wazima.

Alilazwa chali, nyaya kifuani. Mtaalamu akatukataza kuongea. Akagusisha kidude chembamba shingoni mwa kaka, akakihamisha kidogo kidogo hadi akaupata mshipa, na kwenye skrini mstari ukaanza kupanda na kushuka. Halafu akahamia kinenani. Mashine hupima muda ambao wimbi la pigo hutumia kati ya sehemu hizo mbili. Ateri laini hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hujirudi na kuisogeza mbele moyo ukipumzika, na wimbi huenda polepole. Ikikakamaa kama mpira uliochomwa na jua, wimbi hukimbia, likarejea mapema na kuukuta moyo bado unasukuma. Kwa hiyo moyo hufanya kazi ya ziada, kila pigo, miaka nenda miaka rudi, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

Nilimtazama. Kidevu cha baba, nyusi za baba, na pale shingoni ngozi ikidunda. Nikajiuliza kama baba angelazwa pale mapema, mstari wake ungetuambia nini.

Kasi ya wimbi ikatoka zaidi ya mita 11 kwa sekunde. Ikipita 10 madaktari huwa na wasiwasi. Mengine yakaenda haraka: kipimo cha damu, lehemu, yaani kolesteroli, ikakutwa juu, dawa, chumvi ikapunguzwa. Tukaambiwa lehemu ya namna ile ikiwa ya kurithi, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuipata, kwa hiyo wanawe wapimwe, nami pia.

Nilipimwa. Yangu iko chini ya 10, lehemu ya kawaida. Baba mmoja, mama mmoja, sahani moja utotoni. Kaka alinipongeza kwa moyo wote, nami hadi leo sijui nilipaswa kumjibu nini.