Vidaka vinavyopukutika: kumbukumbu ya minazi yangu 12, Pangani

Februari 8. Nimeokota vidaka (nazi changa) 41. Mnazi hutoa karara (shada la maua) takriban kila mwezi, na sehemu kubwa ya maua yake ya kike hudondoka yenyewe katika wiki za mwanzo, kwa hiyo wingi peke yake haukunitia wasiwasi. Kilichonisimamisha ni kidaka cha ukubwa wa ngumi ambacho, nilipobandua magamba yanayokumbatia kikonyo, kilikuwa na kovu jeusi lililobonyea, refu kama punje ya mchele, na juu yake tone la utomvu lililoganda. Hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, ambaye hufyonza kidaka kichanga na kuacha mate yenye sumu yanayoozesha pale alipochoma, hadi mti ukiachilie. Vidaka 29 vilikuwa na kovu hilo.

Februari 15. Minazi 2 iliyopakana na mchungwa haijaangusha hata kidaka kimoja chenye kovu, na yote miwili ina maji moto, chungu wakali wa jamii ya sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini. Kwamba chungu hawa humfukuza kunguni huyo si habari mpya, kwani watafiti waliliona jambo hilo Unguja tangu miaka ya 1950.

Machi 1. Kabla ya alfajiri nilikata matawi ya mchungwa yenye viota 3 vya kundi moja (makundi mawili yakikutana huuana), nikayafunga kwenye mashina ya minazi 3. Siku ya pili hapakuwa na kitu. Sisimizi wa kahawia wanaokaa shinani walikuwa wamewamaliza wageni wangu, na kosa ni langu: nilikuwa nimepalilia hadi udongo ukabaki mtupu, hali inayowapendeza sisimizi hao kuliko maji moto.

Aprili 19. Nyasi zimeota vizuri kwa mvua za masika. Nimehamisha viota vingine, safari hii nikifunga kamba kutoka mchungwani hadi kwenye kila mnazi ili chungu wapite juu bila kugusa ardhi.

Juni 7. Mkwezi amegoma. "Mwalimu, mnazi wenye maji moto mimi siukwei bila nyongeza." Nimemwongezea, naye amejipaka majivu mikononi na miguuni, akakwea huku akilaani. Gharama hii sikuipigia hesabu.

Agosti 2. Vidaka 17, vyenye kovu 6, na vyote 6 viko chini ya minazi 2 ya upande wa barabarani, ambako kamba ilikatwa na upepo wa kusi. Jumamosi nitafunga nyingine, nene zaidi.